Uso Wangu Si Shairi Lako

Nimevitoa. Nalisema mwanzo kabisa ili asiyetaka kuendelea aishie hapa. Vile visunzua vilivyonizunguka macho tangu niko skuli, vyeusi, vingine vidogo kama ufuta na vingine vikubwa kama punje ya pilipili manga, nimekwenda kliniki mjini, nimelala chali, vikatolewa kimoja baada ya kimoja. Daktari alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini na mie nimefumba macho. Alifika ishirini na saba.

Wiki moja baadaye, magamba yakiwa bado hayajamaliza kudondoka, nilikwenda kwenye kikao chetu cha wasomaji. Siku hiyo tulipanga kujadili riwaya, lakini hatukufika mbali. Mshairi mmoja, mtu ninayemheshimu na ambaye diwani yake nimewahi kuisifia hapa hapa, alinitazama, akatikisa kichwa, akasema: "Mwalimu, umeufuta ukoo wako usoni." Watu wakaguna, ile guna ya kuukubali ubeti. Mmoja akafungua daftari akaandika.

Mie nilinyamaza. Nikamaliza kahawa yangu na kashata, nikapanda gari la kurudi Kizimbani, na njia nzima majibu yakawa yananijia moja juu ya jingine. Haya hapa. Yamechelewa, lakini maneno kama yale nimeyasikia kwa watu wengi mno, na wengi wao ni watu wa vitabu.

Tuanze na kitu chenyewe, kwa sababu pale kikaoni hakuna aliyeuliza ni kitu gani. Vijinundu hivi haviambukizi na si saratani. Huwapata zaidi watu weusi, wanawake kuliko wanaume. Huanza ujanani, huongezeka kadiri umri unavyokwenda, na aghlabu hufuata ukoo. Mama yangu anavyo, marehemu bibi alikuwa navyo. Ukitaka kuviona kwa mtu maarufu, mtazame Morgan Freeman katika filamu zake za uzeeni, chini ya macho na mashavuni. Jina lake la kitabibu ni la Kilatini, dermatosis papulosa nigra, yaani ugonjwa wa ngozi wa vipele vyeusi. Aliyevieleza ni daktari Mwitaliano, Aldo Castellani, mwaka 1925. Ni yule yule aliyefika Entebbe mwaka 1902 na tume ya kuchunguza malale, akavikuta vijidudu vya ugonjwa ule katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wa Uganda.

Basi vina jina la Kilatini kwa karibu miaka mia. Kwa Kiswahili je? Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Siku niliyoamua kuvisoma, niliandika kwenye simu neno nililolelewa nalo: visunzua. Zikaniteremkia kurasa za magonjwa ya zinaa. Kurasa nyingi za afya za Kiswahili zimelichukua neno hilo kwa ajili ya vile vinavyoota sehemu za siri, vinavyoletwa na virusi. Nikaandika chunjua, nikapelekwa kwenye vidole na nyayo. Nikaandika vipele, nikapata kila kitu kuanzia joto mpaka surua. Niambieni, mwanamke wa shamba, mtu mzima, anayeulizia kitu kilichomwota chini ya jicho, akajibiwa kwamba ana maradhi ya zinaa, anakwenda kumweleza nani? Anafunga simu. Anakwenda kwa jirani. Na jirani ana maganda ya korosho.

Mtoto wa mama mdogo wangu alikwenda kwa jirani. Alipakwa ile juisi kali ya ganda la korosho, kwa kijiti cha kiberiti, juu ya kisunzua kilichokuwa upana wa kidole kutoka kwenye kope. Kisunzua kilitoka kweli. Kilitoka na ngozi iliyokizunguka, na mpaka leo ana baka jeupe pale, na kope la chini limevutika kidogo hata halifungi sawasawa. Machozi humtoka jicho hilo bila ya kulia. Jirani hakuwa mbaya. Alikuwa na elimu aliyopewa, na sisi wenye kalamu hatukuwahi kumpa nyingine.

Sasa nawageukia nyinyi, waandishi wenzangu. Tumeifanya nini ngozi ya mtu katika maandishi yetu? Tumeifanya hukumu. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952, ndugu wawili waovu, Hasidi na Mwivu, wanageuzwa manyani. Ile ni hekaya, na hekaya ina ruhusa zake. Lakini sisi tumeichukua ruhusa ile tukaipeleka kwenye hadithi za mtaani, kwenye tamthilia, kwenye vitabu vya watoto. Mchawi hana budi awe na chunjua. Mama wa kambo ngozi imemparara. Msichana mwema uso laini, hata kama kutwa yuko juani anachuma karafuu. Tunamtambulisha mtu kwa shavu lake kabla hajafungua mdomo, kisha tunajiita mabingwa wa kuchora wahusika.

Mimi ni mwalimu, naona mbegu hizi zinavyoota. Mwaka mmoja mtoto wa kiume alisimama mbele ya darasa kuisoma insha yake. Bibi kizee mchawi, usiku, mbuyu, ungo, mambo tunayoyajua. Akafika pahala akasoma: "Alikuwa na visunzua vingi kuzunguka macho yake." Akainua kichwa. Akaniona. Yule mtoto alinyamaza, na darasa zima likanyamaza naye. Watoto arubaini walikuwa wananitazama macho. Nikamwambia, "Endelea, mwanangu." Akaendelea, lakini sauti ilikuwa imemkauka. Nilimpa alama zake zote, alistahiki. Kosa halikuwa lake, alikuwa msomaji mzuri. Aliandika alichokisoma.

Je, mshairi wetu alikuwepo siku ile kuutetea ukoo wangu usoni? Hakuwepo. Ukoo wangu ulipokuwa alama ya uchawi, hakuna aliyetoa ubeti. Umekuwa kitu cha thamani siku nilipouweka kwenye meza ya daktari.

Najua watakachonijibu, kwa sababu tayari mmoja amenijibu: Siti binti Saad. Kila tukizungumza sura ya mwanamke hapa Unguja, Siti huitwa kutoa ushahidi. Na mie namwita pia. Alizaliwa Fumba, muuza vyungu, akawa sauti iliyosikika pwani nzima, akasafirishwa mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodiwa santuri. Waliomwonea kijicho walimcheka asili yake na sura yake, naye akawajibu kwa wimbo kwamba sura si hoja. Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na sisi tumeukariri. Kisha tukaupindua. Siti aliwaambia watu kwamba uso si kipimo cha mtu. Leo jibu hilo hilo wanatushikia sisi kama fimbo: Siti hakubadilisha uso wake, wewe unaubadilishia nini?

Lakini hebu tulifuate neno la Siti mpaka mwisho wake. Kama uso si kipimo cha utu, basi kuwa na visunzua hakunipunguzii utu, na kuvitoa pia hakunipunguzii. Huwezi kuniambia sura si hoja, kisha ukaifanya hoja siku niliyoigusa kwa hiari yangu. Chagua moja. Walionicheka na visunzua na walionilaumu bila ya visunzua wote wanafanya kazi ile ile: wanausoma uso wangu kama maandishi, na wanataka kuwa wahariri wake.

Halafu, lini sisi tumewahi kuuacha uso peke yake? Mie naishi Kizimbani. Kila asubuhi gari za watalii zinaingia kwenye mashamba ya viungo, na vijana wetu wanapasua tunda la mzingefuri, wanawapaka wageni rangi nyekundu midomoni, wageni wanacheka, wanapigwa picha. Wanaoneshwa mlangilangi, wanaambiwa haya ndiyo maua ya bibi harusi. Ukiteremka kidogo kuna hamamu ya Kidichi, ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, na watu wanalipa kiingilio kuona pahala mwanamke alipokuwa akioga na kusingwa. Sisi wenyewe tunasinga kwa karafuu na liwa, tunapaka hina, tunatia wanja. Wanja! Kuzunguka macho hayo hayo. Hakuna mshairi aliyesema wanja linafuta ukoo. Wamelitungia mashairi mpaka limewachosha.

Nije kwenye miwani. Nilipoanza kuhitaji miwani ya kusomea, fremu ilikuwa inakaa juu ya visunzua viwili chini ya jicho la kushoto. Nikisoma saa moja vinawasha. Nikisoma mbili vinatoka damu. Nina nakala ya riwaya niliyoihakiki humu mwaka juzi, ukurasa wa themanini na kitu una doa la kahawia, na hilo si la chai. Nilimweleza hayo ustadhi wa mtaani kwetu, maana suala la kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu lilikuwa limenikaa moyoni. Aliniuliza neno moja ambalo mshairi hakuniuliza: "Vinakudhuru?" Nikamwonesha fremu. Akasema kuondoa kinachodhuru ni tiba, nenda.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya miwani. Ile ilikuwa sababu nzuri ya kusema mbele za watu. Ukweli ni kwamba hata bila ya miwani ningekwenda. Nilitaka kujitazama kwenye kioo nione macho yangu kabla ya kuona kitu kingine. Nilitaka kuingia darasani bila ya kumbukumbu ya ile insha. Nilitaka kupendeza, basi. Mwanamke wa miaka arubaini na nane ana haki ya kutaka kupendeza bila ya kuandikiwa tahakiki.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu, na sitaipita kimya. Inasema: leo kisunzua, kesho rangi. Mkorogo umewachoma wanawake wetu, zebaki imeuzwa ndani ya vikopo vya krimu, dunia nzima imelazimika kukubaliana katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kuibana zebaki hiyo. Na biashara ya aibu haikufa, imehama nyumba. Nimeiona kwa macho yangu. Kabla ya kufika kwa daktari niliyemwamini, niliingia pahala pengine, saluni iliyojipa jina la kliniki. Dada wa pale alitoa kalamu ya umeme iliyonunuliwa mtandaoni, akaniambia hakuna haja ya ganzi, dakika kumi tu. Akanitazama tena, akaniongezea: "Na drip ya kung'arisha ipo, Bi mkubwa, utatoka kama Mwarabu." Nilichukua mkoba wangu nikaondoka.

Kwa hivyo naijua hatari. Ndiyo maana nakasirika zaidi. Anayechanganya kuondoa kinundu na kuikimbia rangi yake amelifanyia kazi lile soko la mkorogo, kwa sababu amewaambia wanawake kwamba yote ni dhambi moja. Mwanamke aliyeambiwa kwamba amekwisha kujisaliti kwa kutoa kisunzua, kwa nini asiichukue na ile drip? Mimi nilitoka kliniki na rangi ile ile niliyoingia nayo. Ni ya mama yangu. Hiyo haikuwa kwenye bili.

Na nataka kusema namna ilivyokuwa, kwa sababu nilitafuta maelezo haya kwa Kiswahili nikayakosa, na huenda mtu akayahitaji.

Daktari hakunigusa siku ya kwanza. Aliwasha taa, akaangalia kila kimoja. Aliniambia kuzunguka macho si kila kinundu ni ndugu wa mwenzake. Vipo vyeupe vidogo kama punje ya mchele iliyovunjika, hivyo ni ngozi iliyojifungia ndani. Vipo vya rangi ya ngozi chini ya kope, vinatokana na mirija ya jasho, mizizi yake imezama na hupenda kurudi. Vipo vya manjano karibu na pua, na hivyo mtu asivitoe bila ya kupima damu, kwani pengine lehemu imezidi. Na chochote kinachokua kwa kasi au kutoka damu bila ya kuguswa kinataka uchunguzi kwanza. Changu kilikuwa kinatoka damu kwa sababu ya fremu, na bado alikitazama mara mbili.

Kisha akanieleza habari ya ngozi yetu. Ngozi nyeusi ikiunguzwa haisahau haraka. Inaweza kuacha weusi uliozidi, au baka jeupe, au kovu linalovimba likapita ukubwa wa jeraha. Kugandisha kwa nitrojeni ya baridi kali kunaweza kuziua chembe zinazotengeneza rangi. Kwa hivyo alivitoa viwili tu karibu na sikio, akaniambia nirudi baada ya wiki sita tuone vimeponaje. Nilirudi. Ndipo akanipaka dawa ya ganzi, tukangoja, akanifunika macho, akaanza na sindano nyembamba ya umeme. Inauma kama kudonolewa. Harufu ni ya kuku anayebabuliwa manyoya. Yalifanyika magamba madogo, yakadondoka yenyewe, nikaambiwa nisiyabandue na nisikae juani. Leo zimebaki alama tatu za weusi zinazofifia, na moja nyeupe ambayo huenda isiondoke. Na vingine vitaota, aliniambia wazi. Ukoo haufutiki kwa sindano. Mshairi angeniuliza mie au daktari, angelijua hilo.

Pesa yenyewe ilitoka kwenye mchezo. Nilingoja zamu yangu miezi minane.

Tangu mwaka 1992 kuna kituo pale KCMC, Moshi, kinachosomesha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Elimu ipo nyumbani, kwa masafa ya meli na basi. Mwaka 2020 kijana mmoja, Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London, alitoa na walimu wake kijitabu kinachoonesha dalili za maradhi zinavyoonekana kwenye ngozi nyeusi, kwa kuwa vitabu alivyosomeshwa vilionesha ngozi nyeupe. Kijitabu kile hakina tashbihi hata moja ya mbalamwezi. Kinasema: kitu hiki, kwenye ngozi kama hii, huonekana hivi. Nawaambieni bila ya haya, kimeitendea ngozi yangu wema kuliko diwani zote zilizoko kwenye kabati langu, na kabati langu limejaa.

Sikatai tashbihi. Nimezisomesha maisha yangu yote. Ninachokataa ni mwandishi ambaye kila akiona ngozi anaona ishara, haoni kitu. Kabla hujanifanya ishara ya ukoo, ya Afrika au ya usaliti, andika kwanza kwamba ni kinundu, kina upana wa punje, kinaguswa na fremu ya miwani. Mpe yule mwanamke wa shamba sentensi moja iliyonyooka ili asiende kwenye maganda ya korosho. Ukimaliza hapo, tunga utakavyo.

Kuhusu ukoo. Siku niliyorudi kliniki, mama alikuwa barazani anachambua mchele. Ana miaka sabini na mitano. Alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, huku na huku, muda mrefu. Nilikuwa nangoja. Nakiri nilikuwa naliogopa lile neno ambalo baadaye mshairi alilisema, kwa sababu kwa mama lingekuwa na haki.

Mama akauliza: "Iliuma?"

"Kidogo, mama."

Akanyamaza. Akainua kidole akagusa kimoja chake, kile kirefu kinachoning'inia kwenye kope la kulia, ambacho kwa miaka nimekuwa nikimwona akikisukuma juu kila akifungua msahafu.

"Basi ukenda tena nichukue," alisema. "Hiki kinanizibia aya."

Zamu yangu nyingine ya mchezo ni mwezi wa Rajabu. Tumeshakubaliana, yeye kwanza.